Mlango wa Chumba cha Baridi

Mpenzi Papa Neema,

Leo nimefundisha kuyeyuka bila barafu. Nimetumia mshumaa. Nimeukata vipande, nikavitia katika kopo tupu la maziwa, nikalisimamisha kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto juu ya mbabula, lile jiko la makaa, na wanafunzi wakaanza kusoma kipimajoto kwa sauti kama kawaida. Somo limekwenda vizuri tu. Lakini wakati wa kutoka msichana mmoja wa dawati la mbele akabaki nyuma, akaniuliza: "Madame, bale ba mwaka jana banasema ulikuwa unabaletea glace. Sisi juu ya nini bougie?" Nikamjibu kwamba umeme haukuwepo. Umeme ulikuwepo tangu asubuhi. Taa ya darasa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu nikimdanganya mtoto wa watu.

Basi nimerudi nyumbani nikiwa na hasira, na sina wa kumtolea hasira hiyo isipokuwa wewe. Ulizoea kunitania kwamba ninazungumza zaidi na ubao kuliko ninavyozungumza na mume wangu. Leo kaa kimya kama ubao, nizungumze.

Unakumbuka siku niliyokuja depo yako mara ya kwanza? Nilikuwa na ndoo ya plastiki na chaki kwenye nywele. Wewe ulikuwa umekaa mlangoni na tricot nzito ya sufu, mchana, katika joto la Kisangani, wakati watu wote wanatafuta cha kuvua. Nilifikiri una malaria. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba mtu anayeingia na kutoka katika chumba cha baridi kutwa nzima kuhesabu katoni za samaki wa mpiodi hawezi kuvaa kama sisi. Nikakuomba kipande cha barafu.

"Ya kutia mu bière ao mu maji?" ukauliza.

"Ya kufundisha."

Ukanitazama kutoka juu mpaka chini. "Sasa glace inafundishaka nini?"

"Njoo uone," nikasema. Unaujua ulimi wangu unavyonitangulia. Sikutegemea kwamba mfanyabiashara wa jumla, Munande wa Butembo mwenye depo na wafanyakazi, angeacha kazi yake aje kukaa darasani. Kesho yake ukaja. Ulikuja nyuma ya toleka, umepakata bonge la barafu lililofungwa katika gunia, na mwendesha baiskeli analalamika kwamba mgongo wake unaganda. Suruali yako ilikuwa imelowa yote mbele. Darasa la watoto arobaini na zaidi lilicheka mpaka mkuu wa shule akachungulia dirishani, na wewe ukaenda kukaa nyuma kabisa, magoti yamepita juu ya dawati.

Nikavunja barafu, nikaijaza katika sufuria, nikatia kipimajoto chetu kimoja cha shule katikati, nikaweka juu ya makaa. Mtoto mmoja anasoma namba, wengine wanaweka nukta kwenye karatasi. Mwanzoni ilikuwa sifuri. Tukangoja. Sifuri. Makaa yamekolea mekundu, na bado sifuri. Mtoto aliyekuwa anasoma akakigonga kipimajoto kwa ukucha, akasema kwa huzuni, "Madame, thermomètre imekufa." Kila mwaka kuna mmoja anayesema hivyo, na mimi huwa nangoja kwa hamu nijue mwaka huu atakuwa nani. Lakini kabla sijamjibu, wewe ukanyoosha mkono kule nyuma.

"Makala iko inawaka, minaiona na macho. Moto inaingia mu sufuria. Donc inaenda wapi?"

Nikakueleza mbele ya wote kwamba moto ule haupotei. Chembe za barafu zimeshikana, kila moja imekamata jirani yake na haitaki kumwachia, na joto lote linaloingia kwanza linafanya kazi hiyo ya kuziachanisha. Mpaka kipande cha mwisho kiachie, maji hayapati moto hata kidogo. Ndiyo maana mstari wetu kwenye karatasi unalala. Vitabu vinaliita joto lililojificha. Ukafikiri, ukakuna kidevu, ukasema, "Inafanya kazi na haionekani. Mi sipendi kitu ya vile." Darasa likacheka tena. Mimi nilikuwa nimeshakupenda, sema sikujua.

Watu wetu walitusumbua, hilo nalo unalikumbuka. Wa kwetu, Waislamu wa Kisangani ambao mababu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki hapa mtoni, waliuliza huyu Mukatoliki wa Butembo anatoka wapi. Mama yako naye aliuliza kule Butembo huyu mwanamke wa Waislamu atasimama wapi siku ya misa. Nikasimama nje ya kanisa, chini ya jua, na wewe ukatoka kila baada ya muda mfupi kuangalia kama bado nipo, padri anakukodolea macho. Neema alipozaliwa wote walichoka kuuliza. Mama yako akaanza kupiga simu kila Jumapili ili amsikie mtoto akipumua tu. Lakini hakuwahi kumwona, na wewe hakukuona tena tangu kabla ya ndoa yetu. Kila Noeli ulisema tutapanda Butembo, na kila Noeli barabara ilifungwa, kama si mvua ni watu wenye bunduki.

Ninapokuwa na mawazo mazuri juu yako, hurudi kwenye ule mwezi wa mwisho wa mimba ya Neema. Joto la mwaka ule lilikuwa la kuua mtu, hakuna feni, miguu yangu imevimba, ninalia bila sababu. Ulirudi kutoka depo, ukachukua vitenge vyangu viwili vizuri, ukavichovya ndani ya pipa la maji na kuvitundika vikiwa vinachuruzika, kimoja mlangoni na kingine dirishani. Nikakugombeza kwa ajili ya vitenge. Ukasema, "Ulifundisha wewe. Maji ikikauka inabeba joto inaenda nayo. Acha ibebe." Upepo ukapita katika vile vitenge ukaja kwangu umepoa, nikalala usingizi wa kwanza wa wiki nzima. Kila vilipokauka uliamka kuvichovya tena. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kulielewa somo lile vizuri kuliko wewe.

Na kila mwaka, somo la kuyeyuka likifika, uliniletea barafu. Mwaka jana uliileta Jumatatu, ukakaa nyuma kama kawaida yako, ukatoka kabla ya kengele kwa sababu kifua kilikuwa kinakubana. Ijumaa asubuhi ulikaa ukingoni mwa kitanda kuvaa viatu. Ukavaa kimoja. Hospitalini waliniambia maneno ambayo mkono wako ulikuwa umeshaniambia njiani.

Wiki ile mji mzima haukuwa na umeme. Wale wa chumba cha maiti walituambia waziwazi kwamba groupe yao ya kuzalisha umeme haina mafuta, kwa hiyo tukuzike leo au tutafute mahali pengine. Kabla ya adhuhuri, simu ikalia. Ilikuwa ya kaka yako, lakini aliyezungumza ni mama yako. Hakulia. Alisema, "Mama Neema, musimuzike. Tunatoka sasa na camion. Mumuache kwanza nimuone mutoto wangu." Nikasema ndiyo. Sikufikiri juu ya barabara, Mambasa, Niania, Bafwasende, yale matope yanayomeza lori mpaka kioo. Nilisema ndiyo kwa mama, halafu ndipo nikaanza kujiuliza nitafanyaje.

Mjomba wangu, Tonton Ramazani, alikuwa amevuka mto kutoka Lubunga aliposikia. Akanishika bega akasema kwa upole, "Mwanangu, kwetu mutu akikufa anazikwa siku ile ile. Kumuacha juu ya udongo ni kumusumbua. Mais ni mume wako na dini yake ni yake. Sema wewe." Nikamwambia nimeshamwahidi mama. Hakubishana. Aliuliza kitu kimoja tu, kama tuna mahali pa kukuweka.

Pa kukuweka palikuwa mahali pamoja tu, Papa Neema, na mpaka leo nikipata usingizi naota pale mahali. Chumba chako cha baridi. Kuta zake nene, mlango wake mnene, umeme haupo lakini ndani bado pamepoa kuliko popote mjini. Samaki waliobaki wafanyakazi wako waliwagawia majirani. Mimi na wanawake wa nyumba tukapiga magoti tukasugua sakafu kwa sabuni, kisha ndimu, kisha sabuni tena. Harufu ya mpiodi haikutoka. Tukakulaza pale. Mabonge ya barafu tuliyapata kwa kiwanda kimoja chenye groupe, na Tonton, ambaye hakutaka ungoje, alirudi Lubunga kwenye karakana yake ya useremala na kuvuka tena na magunia ya vumbi la mbao, tukaifunika barafu kwa vumbi lile ili joto lisiifikie haraka. Aliyapanga magunia mwenyewe. Alikuwa anaomba dua zake chinichini, na mimi sikumkataza.

Matanga yakakaa uani kwa depo, chini ya turubai la bâche. Na hapo ndipo vita yangu ilipoanza. Unajua watu wetu wakija kwenye matanga lazima waone uso. Mtu anashuka kwenye toleka, anaanza kilio barabarani, anataka kuingia moja kwa moja mpaka kwa maiti, amshike, amwite jina. Bila hivyo hajaja. Na kila mlango ule ulipofunguliwa, joto la Kisangani liliingia pamoja na mtu. Mimi nilijua hesabu ile. Nilikuwa nimeiandika ubaoni Jumatatu. Nikaweka kiti mbele ya mlango nikakaa. Nikasema hakuna anayeingia mpaka mama mkwe afike.

Shangazi yako Masika ndiye aliyeanza. "Mujane gani huyu? Halie, haanguke chini, iko anachunga mulango sawa sentinelle." Nikamweleza polepole, kama ninavyoeleza watoto, kwamba kila anayefungua anapunguza saa za kumngoja mama mkwe. Akapiga makofi akawageukia wengine. "Musikie. Mutoto wetu amekufa, yeye anatufanyia leçon." Halafu akasema lile lililobaki midomoni mwa watu wa mji: nimekuweka katika frigo ya samaki na kuna kitu ninachokificha. Wengine waliacha kunisalimia. Mwanamke mmoja niliyemfundishia watoto wake watatu alitema mate chini karibu na kiti changu.

Sikulia. Walisema kweli. Sikuweza kulia na kulinda mlango kwa wakati mmoja, mikono ilikuwa miwili tu na kichwa kimoja. Wanafunzi wangu walikuja na sare zao, darasa zima, wakasimama uani bila kujua mikono waiweke wapi. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuingia. Walikaa chini upande wangu wa mlango, mgongo ukutani, wakabaki mpaka jioni. Shangazi Masika aliwaangalia sana, akarudi kukaa chini ya turubai.

Mimi nilikuwa naingia mara moja kwa siku, alfajiri, kabla watu hawajajaa. Nilikuwa na kipimajoto cha shule mfukoni, kile kile. Nilikisukuma katikati ya vipande vilivyobaki, ndani ya maji yaliyokuwa yanatokea, nikangoja, nikawasha tochi. Sifuri. Nilifurahi. Fikiria mjane, amesimama kati ya mume wake na harufu ya samaki, anafurahia namba. Barafu ilikuwa inapungua lakini bado ilikuwepo, na ikiwepo hata kidogo, namba haipandi. Halafu nilikuangalia, na furaha ile ikanitia kinyaa. Uso wako ulikuwa wa mtu mwingine, mkavu, wa kijivu. Nikatoka nikafunga mlango kwa haraka kwa sababu hata mimi nilikuwa joto.

Kaka yako alipiga simu kila mara mtandao ulipopatikana. Wako Niania. Wamelala njiani. Lori limezama Bafwasende, wanachimba. Kila simu niliongeza vumbi la mbao na kutafuta barafu nyingine, mpaka ikafika siku ambayo kiwanda kile pia kilizima groupe. Alfajiri ile kipimajoto kilisoma sifuri, lakini mabonge yalikuwa yamebaki madogo ya kushikwa kwa mkono mmoja. Tonton akanitazama. Nikamwambia mchana huu, wakifika au wasifike, tunazika. Akaenda kuwaita wachimbaji.

Walifika kabla ya mchana. Mama yako alishuka kwenye lori amepakwa matope mpaka kiunoni, kiatu kimoja hakipo. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri kwenye simu. Nikainuka kwenye kiti, nikafungua ule mlango wote, wazi kabisa, kwa mara ya kwanza. Akaingia peke yake, mimi nyuma yake. Alipiga magoti, akaweka viganja vyake viwili kwenye mashavu yako, na palepale akavirudisha kama mtu aliyeungua.

"Mutoto wangu iko na baridi," akasema. Akanigeukia. "Nani alimutia baridi hivi?"

Nyuma mlangoni Shangazi Masika alikuwa amesimama, na wote wengine. Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumweleza kuta, vumbi la mbao, kiwanda, mlango. Nikasema, "Ni mimi, mama."

Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Lete blanketi."

Mimi ndiye ninayefundisha kwamba blanketi halina moto wake, kwamba linashika tu moto wa mtu aliye ndani yake, na aliye baridi linamwacha baridi. Nikatuma mtu nyumbani alete lile la kitandani kwetu. Tulipokuwa tunangoja, nikayatoa mabonge yale kwa mikono, moja moja, nikayapeleka uani nikayaweka juani. Mama yako akakufunika mpaka kidevuni, akakaza kingo pande zote, akaanza kukusugua mikono kupitia blanketi, taratibu, akikuita jina la utotoni ambalo hukuwahi kuniambia. Nikatoka nje. Yale mabonge yalikuwa yameshakuwa maji, watu wanakanyaga kupita. Nikakaa chini katika maji yale nikalia mpaka Tonton akaja kuninyanyua. Shangazi Masika alinishika mkono wa pili.

Ulizikwa jioni, na blanketi.

Watu sasa wananiambia nilifanya vizuri, mama alimwona mtoto wake. Wanafunzi wananiheshimu kuliko zamani. Lakini najua alichokiona. Alisafiri barabara ile yote na kilichobaki mikononi mwake ni ile baridi, na mimi ndiye niliyeitunza kwa akili zangu zote. Ningekuzika siku ile ile kama Tonton alivyotaka, angekukumbuka mwenye joto, kijana aliyetoka Butembo na mfuko mmoja. Sijui, Papa Neema. Nikipima huku nalia, nikipima kule nalia. Kama ungekuwepo ungeniuliza swali moja la kijinga kutoka nyuma ya darasa, na ningejua la kujibu. Sasa hakuna wa kuuliza. Nyumba ni kimya, Neema amejifunza kula bila kuzungumza, na depo tumempangisha mtu anayeuza saruji.

Mama yako bado anapiga simu Jumapili. Anamsalimia Neema, ananiuliza afya, halafu kila mara, kabla ya kukata, anauliza kitu kimoja. "Pale alilala, jua inafikaka?" Mara ya kwanza nilimwambia linafika. Nilisema tu, kama nilivyomdanganya yule msichana leo. Kaburi lako liko chini ya mti mkubwa, tulichagua pale kwa sababu ya kivuli, na ardhi yake ni ya unyevu mwaka mzima. Akauliza tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Anataka kujua ni asubuhi au mchana. Anataka kujua kama linafika miguuni.

Jumamosi iliyopita nilimwita Tonton Ramazani. Alivuka na msumeno na kijana wa kukwea mti. Hakuniuliza sababu. Tumekata matawi yote ya upande wa mashariki, kisha yale ya juu, na mimi nikakaa pale tangu asubuhi mpaka jua linapozama, ninasogea na kivuli kuona kinapita wapi. Jana mama yako amepiga simu. Nimemwambia linafika kichwani saa mbili, kifuani saa sita, na miguuni linakaa mpaka jioni, na safari hii sikumdanganya mama yako.

Lala, mume wangu.

Mkeo,
Mama Neema